Fort Jesus Mombasa: wengine wanaenda kuangalia mizinga, mi nawashauri muanze na handaki

Wadau wa safari, hii ni review ya Fort Jesus pale Mombasa ila nitangulize kabisa kwamba sitakaa sana kwenye mizinga wala sahani za kichina, hizo kila mtu keshaziongelea na picha zimejaa mitandaoni. Mi nilichopenda ni handaki. Yaani lile shimo refu linaloizunguka ngome upande wa nchi kavu, ambalo watu wanalipita mbiombio wakiwahi tiketi utadhani ni mtaro wa maji ya mvua. Kwa maoni yangu ndo kitu cha kwanza kuangaliwa pale, na raha yenyewe unaliangalia ukiwa nje, hujatoa hata senti.

Kufika sio shida. Sie tulitokea Tanga na basi, Horohoro, Lungalunga, ukifika Likoni unavuka na feri halafu tuktuk mpaka mlangoni, mwambie tu dereva Fort Jesus au Ngomeni. Ipo ukingoni mwa Mji wa Kale inaangalia mlango wa bandari ya zamani. Tiketi bei zinatofautiana kati ya raia, mkazi na mgeni, kwahiyo beba kitambulisho, na bei za sasa ziangalie kabla ya kutoka maana hubadilika, sitaki mtu aje kunilaumu.

Sasa ukifika, usiingie. Zunguka kwanza kwa nje taratibu.

Unachokiona ni kwamba wale jamaa hawakuchimba udongo, walikata mwamba. Kisiwa cha Mombasa ni jiwe la matumbawe, na ngome imekaa juu ya mgongo wa jiwe hilo hilo, kwahiyo ukuta ukiufuata kwa macho kwenda chini unafika mahali huelewi hapa ni ukuta uliojengwa au ni mwamba uliochongwa ukasimama wenyewe. Ni handaki kavu. Nasisitiza kavu kwasababu pale nje kuna kijana mmoja kajitolea kutuzungusha, sio mfanyakazi wa pale, wa kujitegemea tu, akatuambia kwa kujiamini kabisa kwamba Wareno walikuwa wanafuga mamba humo ndani ili adui akianguka aliwe. Mamba! Kwenye shimo la mawe lisilo na tone la maji, juu ya bahari ya chumvi. Nikamuuliza hao mamba walikuwa wanakunywa nini, akacheka, akabadilisha mada akaanza habari za watumwa. Kama mnataka mwongozaji chukueni wa ndani mwenye kitambulisho, huyo wa nje mpeni ya soda tu muachane kwa amani.

Ila hadithi ya yule kijana sio ya kipuuzi sana, maana wengi tukisikia ngome ina handaki akili inaenda kwenye filamu, maji, daraja la kunyanyua kwa minyororo, kasri la Ulaya. Yenye maji yapo kweli, lakini maji nayo yana mambo yake. Lile la Mnara wa London lilikuwa linanuka kupita kiasi, uchafu wa mji unaingia mle hautoki, mpaka mwaka 1843 Duke wa Wellington akaamuru likaushwe, na hadi leo ni kavu. Mwaka 2014 walilijaza maua mekundu ya udongo wa kuchoma 888,246, kila ua askari mmoja wa upande wa Waingereza aliyekufa vita kuu ya kwanza. Kwahiyo hata wao sasa hivi wana handaki kavu.

Na kazi ya handaki sio kuzamisha watu. Simama pale kwenye ukingo ujiweke kwenye nafasi ya mtu wa mwaka elfu moja mia sita na kitu, una ngazi begani, una wenzako mia. Ngazi iliyokuwa inakutosha kufika juu ya ukuta sasa haitoshi, maana ushashuka shimoni na ukuta umeongezeka urefu bila mtu kuongeza jiwe hata moja. Unataka kuchimba chini kwa chini uangushe ukuta, unakutana na mwamba. Unataka kusogeza mzinga wako karibu, hauvuki. Na sehemu ya chini ya ukuta, ile ambayo ndo ukiipiga vizuri ukuta wote unakuja, imejificha ndani ya shimo, risasi zako za mzinga zinapita juu. Halafu ukiwa umeduwaa mle chini unaanza kupigwa kutoka pembeni, sio kutoka mbele.

Hapo kwenye "kutoka pembeni" ndo kuna akili yote ya lile jengo. Angalia zile kona nne kubwa zinazochomoza nje, San Felipe, San Alberto, San Mathias na San Matheus, hazikuwekwa kwa ajili ya urembo. Kila kona inailinda nyingine, askari aliyekaa kwenye moja anaona urefu wote wa handaki mpaka kwenye kona ya pili, hakuna pa kujibanza. Huo mtindo ulitoka Italia baada ya mizinga kuzifanya kuta ndefu nyembamba za zamani kuwa hazina maana, na aliyeuleta Mombasa ni Mtaliano wa Milano, Giovanni Battista Cairati, aliyekuwa anafanya kazi ya mfalme Philip wa Pili wa Hispania ambaye wakati huo ndo alikuwa anatawala Ureno pia. Ujenzi ulianza 1593, 1596 ngome ipo. Wareno walikuwa wameshauchoma mji wa Mombasa 1505, wakarudi 1528, wakarudi tena 1589 kisa Waturuki wa Mir Ali Bey walikuwa wameshakaribishwa na watu wa Mombasa, ndo wakaona sasa hapa tukae kabisa. Kwahiyo tuelewane, handaki lile halikuangalia wageni kutoka mbali tu. Limeelekezwa nchi kavu, yaani kwa wenye mji.

Sasa ndo nije kwenye kilichonifanya niandike yote haya. Tulipoingia ndani nikawa nasoma maelezo moja moja, si unajua ile kusoma kila kibao mpaka wenzio wanakuacha, nikaanza kujiuliza hii ngome imebadilisha mikono mara ngapi, na kila mara iliingiwaje. Ukifuatilia unakuta kitu cha kuchekesha, handaki hata mara moja halikuwa tatizo. Lilifanya kazi yake. Ngome ikachukuliwa hivyo hivyo.

Anza na 1631. Sultani wa Mombasa, Yusuf bin Hasan, mtoto aliyelelewa na Wareno kule Goa akabatizwa akaitwa Dom Jerónimo, akarudishwa kutawala na akawa hapatani na kapteni wa ngome. Siku moja ya mwezi wa nane akaja na watu wake, akaingia kwa mlango mkubwa kama mgeni anayemtembelea mwenyeji, akamuua kapteni palepale, na Wareno wa mjini nao wakauawa. Handaki la nini hapo? Mtu kapita mlangoni kafunguliwa. Akarudi kwenye Uislamu, mwaka uliofuata Wareno wakaja na meli kumtoa wakashindwa, safari hiyo handaki lao wenyewe likafanya kazi dhidi yao, mpaka yeye mwenyewe alipoamua kuondoka zake ndo wakarudi. Pale juu ya lango kuna maandishi ya kireno ya 1635 ya kapteni Cabreira anajisifu alivyoikarabati ngome na alivyowashika watu wa pwani, yasome, jamaa alikuwa hana haya.

Halafu ule mzingiro mkubwa, Machi 1696 mpaka Desemba 1698. Karibu miaka mitatu! Waomani wako nje, mji ni wao, ndani kuna Wareno wachache na Waswahili waliokuwa upande wao. Na hawa Waomani kumbuka handaki kwao sio kitu kigeni, kila mtoto wa madrasa anajua habari ya Madina mwaka wa tano Hijria, Salman al-Farsi alivyotoa ushauri wa kuchimba, farasi wa Makuraishi wakafika ukingoni wakakwama. Safari hii wao ndo waliokaa upande wa pili. Kwahiyo hawakujitupa tu mle shimoni kama wajinga, walikaa. Wakasubiri. Ndani njaa na maradhi vikafanya kazi, tauni ikapita, mpaka kuna wakati katika 1697 Wareno wote wameisha na ngome inashikiliwa na Bwana Daud wa Faza, kule kisiwa cha Pate, na watu wake wachache pamoja na wanawake waliobaki. Hiyo habari pekee ingetosha kuwa na chumba chake, Mswahili wa Faza anaitetea ngome ya mfalme wa Ureno na Wareno wenyewe hawapo. Msaada ukaja mwaka huo huo, na manowari iliyokuja nao, Santo António de Tanná, ikazama palepale mbele ya ngome, wazamiaji waliifanyia uchunguzi miaka ya 1977 mpaka 1980 na vitu vyake baadhi vimewekwa pale makumbusho. Mwisho Desemba 1698 waliobaki ndani walikuwa wachache mno kuzunguka kuta zote, Waomani wakajua, wakapanda na ngazi wakaingia. Siku chache baadaye meli za msaada zinatokea, zinaona bendera sio yao, zikageuza.

Ngazi zilipita handaki, sawa, mtu anaweza kusema hapo ndo lilishindwa. Mi sikubali. Zile kona nne zinahitaji mtu wa kupiga risasi, kona bila mtu ni kona tu.

Baada ya hapo mambo yanakwenda haraka. Wareno wakarudi 1728 Waomani walipokuwa wanagombana wenyewe kwa wenyewe, 1729 watu wa Mombasa wakawazingira mpaka wakasalimu amri. Mazrui, ukoo wa Kiomani, wakashika, 1837 Seyyid Said akaichukua baada ya Mazrui wenyewe kugawanyika. 1875 al-Akida, mkuu wa askari wa ngome, alipoasi, Waingereza walipiga kwa mizinga kutoka melini, upande wa baharini ambako handaki halipo kabisa. Halafu kuanzia 1895 mpaka 1958 ikawa jela, na hapo ndo handaki likapata kazi ya kinyume, kuzuia walio ndani wasitoke.

Nilikuwa na rafiki yangu mmoja mfanyabiashara, yeye haya ya Wareno hayamwingii sana, ila nilipoanza kumweleza hayo akachangamka ghafla. Akaniambia kumbe ndo ile anayoisema Warren Buffett, yule tajiri wa Marekani, kwamba yeye akitaka kununua kampuni anaangalia kama ni ngome yenye handaki pana, yaani kuna kitu gani kinachomzuia mwenzako kuja kukunyang'anya wateja. Tukakaa kivulini karibu na ukuta tukaanza kubishana kuhusu M-Pesa badala ya kuangalia makumbusho, wallahi tumelipa tiketi kubishana. Yeye anasema M-Pesa pale Kenya ndo mfano wa handaki, ilianza 2007, wakala kila kona, na kila mtu yupo humo kwasababu kila mtu mwingine yupo humo, nani atachimba apite hapo. Na kweli, 2018 mitandao ya Kenya iliunganishwa ukaweza kutuma pesa kutoka huku kwenda kule, na M-Pesa bado ni mkubwa kwa mbali.

Mi nikamwambia njoo huku kwetu. Bongo makampuni yalianza kuunganisha mapema, 2014 baadhi wakaanza kutumiana, Vodacom wakaingia 2016, na soko letu hadi leo limegawanyika, sio wa mmoja. Kwahiyo ukiliunganisha daraja mapema kabla mmoja hajawa mfalme, handaki halichimbiki, ukiliunganisha baadaye mfalme keshakaa, watu wanavuka daraja lakini wanarudi kulala kulekule. Akasema hilo sio suala la handaki ni suala la nani alifika kwanza. Hatukuafikiana, na mpaka tunapanda feri alikuwa bado anaongea. Alichokubali ni kimoja tu, kwamba Yusuf bin Hasan hakuvuka shimo, na kampuni nyingi alizoziona yeye zikianguka hazikuangushwa na mpinzani aliyevuka shimo, ziliangushwa na mtu mwenye funguo za ofisi.

Haya turudi kwenye ngome. Ndani msikose vitu vitatu vinne hivi. Chumba chenye michoro ya Wareno waliochora ukutani, meli, watu, samaki, kazi ya mtu aliyechoka kukaa zamu. Nyumba ya Waomani juu, ukae dirishani upate upepo, hapo unaona mlango wa bandari na unaelewa bila kuambiwa kwanini wamejenga hapa na sio kwingine. Zile njia zilizochongwa kwenye mwamba kushuka kuelekea baharini, baridi safi hata saa saba mchana. Mifupa ya nyangumi, watoto wataipenda kuliko vyote, wangu walisahau kabisa kwamba kuna vita viliwahi kupiganwa hapo.

Halafu nendeni upande wa baharini. Kule bahari imekuwa ikila ule mwamba wa matumbawe kidogo kidogo, na miaka ya karibuni wamejenga ukuta wa kuzuia mawimbi. Kuna wenyeji hawakupenda unavyoonekana, wanasema umeharibu sura ya ngome. Mi nadhani bora ukuta mbaya kuliko ngome iliyodondoka, lakini naelewa wanaolalamika, mtu kaikuta hivyo tangu babu yake. UNESCO waliiweka ngome kwenye orodha ya urithi wa dunia 2011, na eneo walilolisajili ni hekta 2.36 likiwemo handaki. Yaani shimo nalo limesajiliwa, mkilipita mbio mjue mmepita urithi wa dunia.

Kwa wanaopenda mambo haya haya na hawana mpango wa kuvuka kwenda Kenya, Uganda kuna Bigo bya Mugenyi karibu na mto Katonga, mahandaki ya udongo yenye urefu wa zaidi ya kilomita kumi ukiyajumlisha, na yamechimbwa na wenyeji kabla hata Wareno hawajaijua njia ya huku. Hakuna ukuta wa mawe, hakuna Mtaliano, hakuna duka la soda. Usafiri wa kufika ni wa kujipanga, na ukifika inabidi macho yazoee ndo uone, maana majani yamefunika. Nimeweka hapa kwasababu kila nikisema handaki la Fort Jesus kuna mtu anasema Waafrika hatukuwa na haya mambo.

Muda mzuri wa kwenda ni asubuhi mapema au alasiri, mchana pale uwanjani jua halina huruma na kofia ni lazima. Viatu vya kushika, mawe yanateleza. Mkitoka msile mkahawa wa kwanza mtakaouona, sisi tuliingia mmoja wa karibu, jina nalihifadhi, juisi ya ukwaju ikaja ni maji ya sukari yenye rangi. Ingieni Mji wa Kale kwa miguu, tafuteni viazi karai na mabuyu, jioni kuna kahawa chungu na kashata, bei ya kawaida na watu wana maneno matamu.

Nyota nne na nusu. Ile nusu imechukuliwa na jua. Na kama mko wengi na mmoja wenu ni mtu wa biashara, mwambieni abaki hotelini.